Msimamizi wa nyumba za kupanga Uganda: kazi yake hatua kwa hatua

Mwenye nyumba yuko Dubai kwa kazi, au yuko Arua na nyumba zake ziko Kyaliwajjala, karibu na Kampala. Vyumba kumi, geti moja, tangi moja la maji, na kila mwezi anasubiri fedha ziingie benki. Kati yake na wapangaji yuko msimamizi, na watu humchanganya na wengine wawili. Buroka hutafuta mpangaji, hupokea malipo yake ya mara moja, akaenda zake. Askari hulinda geti na kufagia uwanja. Msimamizi ndiye anayejibu kuhusu fedha, jengo na sheria, tena anajibu pande zote mbili, kwa sababu ameshika nyumba ya mtu mmoja na maskani ya mtu mwingine. Akiifanya kazi hii kwa mdomo tu, siku moja ataitwa mwizi hata kama hajala shilingi ya mtu. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini inaishia kwenye karatasi, picha au risiti.

Jambo la lugha kwanza. Kiswahili chetu huita vitu viwili kwa neno moja, "kodi". Hapa tutasema pango kwa fedha anayolipa mpangaji, na kodi kwa ile inayokwenda URA, mamlaka ya mapato ya Uganda.

Andikianeni na mwenye nyumba kabla ya kupokea ufunguo

Anza kwa kuthibitisha kwamba anayekukabidhi nyumba ana haki ya kuikabidhi. Omba nakala ya hati ya ardhi, au makubaliano ya ununuzi kama ni kibanja, yaani ardhi inayokaliwa bila hati, na uende kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, umuulize nyumba hiyo anaifahamu kuwa ya nani. Hili linaonekana kama kumshuku mtu. Fanya tu, na umweleze kwa heshima kwamba ni utaratibu wako kwa kila mteja.

Nyumba za marehemu ndizo zenye mitego zaidi. Mzee amefariki, watoto ni saba, na kila mmoja anapiga simu akitaka pango liingie kwake. Usimlipe yeyote kwa kuwa ni mkubwa au kwa kuwa anapiga kelele kuliko wengine. Mwenye mamlaka ni yule aliyepewa na mahakama hati ya kusimamia mirathi. Kama hati haijatoka, fungueni akaunti ya benki yenye saini za watu wawili au watatu wa familia, pango likae humo, na familia iandike barua moja, wote wasaini, kueleza ni matumizi gani unaruhusiwa kuyalipa wakati wanasubiri.

Mkataba wako na mwenye nyumba utaje mambo haya bila kuzunguka: nyumba zipi na vyumba vingapi, malipo yako, tarehe ya kumpelekea fedha, nani anasaini mikataba ya wapangaji, nani anawasilisha kodi, na jinsi ya kuvunja makubaliano yenu. Malipo ya msimamizi kwa kawaida huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya pango. Andika "ya pango lililokusanywa", usiandike "ya pango linalotarajiwa". Ukilipwa kwa kilichokusanywa, chumba kikiwa kitupu mnaumia wote wawili, na mwenye nyumba ataamini kwamba unakitafutia mtu kwa bidii.

Kisha wekeni kiwango cha matumizi. Mathalani hadi shilingi 150,000 unatengeneza bila kuuliza, na kwa dharura tatu, yaani bomba lililopasuka, umeme unaotoa cheche na maji machafu yanayorudi ndani, unaweza kufika 500,000 ukimwarifu siku hiyohiyo. Bila kiwango hicho utakuwa unasubiri mtu aamke ng'ambo ilhali maji yanamiminika darini. Kama utamwakilisha mahakamani au kusaini kwa niaba yake, mwambie wakili awaandalie hati ya uwakili na isajiliwe. Ujumbe wa simu hautoshi.

Wiki ya kwanza: ijue nyumba kama fundi aliyeijenga

Tembea na daftari, chora ramani ya kiwanja. Weka alama mahali ilipo mita ya maji, koki kuu ya kufunga maji, swichi kuu ya umeme, chemba zote, karo la maji machafu na njia ambayo gari la kunyonya litapitia. Pima upana wa geti. Kuna nyumba nyingi ambazo ukuta ulijengwa baada ya karo, na siku karo linapojaa ndipo inagundulika kwamba gari haliingii.

Halafu oanisha mita za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, na vyumba, na usikubali kuambiwa kwa mdomo. Zima mita moja kwenye boksi, tembea uone ni chumba gani kimekuwa giza, andika namba kamili ya mita pembeni ya namba ya chumba, kisha bandika namba hiyo ndani ya mlango wa chumba hicho. Mita zilizobadilishwa kimakosa hukaa hivyo hata miaka: mama wa namba 3 analipia umeme unaowasha jokofu la namba 5, na ugomvi unaozuka unaonekana wa majirani kumbe ni wa waya mbili.

Kama vyumba kadhaa vinatumia mita moja ya umeme, waeleze wapangaji hesabu yake. Kwa matumizi ya nyumbani, uniti 15 za kwanza za mwezi huuzwa kwa bei nafuu ya shilingi 250 kila moja, na zinazofuata bei hupanda karibu mara tatu. Nafuu hiyo ni ya mita, hairudiwi kwa kila familia. Familia nne zikiwa na mita nne zinapata nafuu mara nne. Zikiwa na mita moja zinagawana uniti 15 zilezile. Kuomba mita za ziada kunagharimu, ila ndiko kunakomaliza kelele. Tangu Aprili 2025 maombi hayo yanakwenda UEDCL, shirika la serikali lililopokea usambazaji wa umeme kutoka kampuni ya Umeme.

Maji yanahitaji jaribio la usiku. Saa nne usiku, tangi likiwa limejaa, waombe wapangaji wafunge mabomba yote, piga picha ya mita. Alfajiri kabla mtu hajafungua, piga nyingine. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja. Ili ujue ni upande gani, rudia usiku wa pili ukiwa umefunga koki inayopeleka maji kwenye tangi: mita ikisimama, tatizo liko kwenye tangi au mabomba ya ndani, ikiendelea, bomba la ardhini kati ya mita na koki limetoboka. Kwa choo, tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la kusukumia, ngoja dakika 30 bila kusukuma. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, mpira wa chini ya tangi hilo umekwisha. Mpira huo ni wa bei ndogo, lakini choo kimoja kikivuja mchana na usiku kinaweza kupandisha bili ya kiwanja kizima, na lawama zikaishia kwa mpangaji mwenye watoto wengi.

Bili ya National Water, shirika la maji, ikija moja kwa vyumba vyote, weka mita ndogo kwa kila chumba au gawanya kwa idadi ya vichwa. Kugawanya kwa idadi ya vyumba ndiko kunakoleta manung'uniko, kwa kuwa mtu anayeishi peke yake hulipia kufua kwa watu sita.

Kutafuta mpangaji

Bei ipange kwa kuuliza majirani ndani ya eneo dogo, barabara moja au mbili. Ukubwa ukiwa sawa, tofauti huletwa na maji ya uhakika, mita ya Yaka ya peke yake, ukuta na geti, na umbali wa kutembea hadi kituo cha teksi. Mwenye nyumba akishikilia bei ya juu, mfanyie hesabu. Chumba cha 400,000 kikikaa kitupu miezi miwili, amepoteza 800,000. Angekitoa kwa 370,000 tangu siku ya kwanza, angepoteza 360,000 kwa mwaka mzima.

Buroka watakuletea watu, na wana msaada wao. Kubalianeni mapema nani anamlipa na kiasi gani, na mwambie kila mtu anayekuja kuona nyumba kwamba pango halipokelewi na buroka wala askari. Watu wamelipa miezi mitatu kwa mtu aliyekuwa na ufunguo tu.

Mtu akipenda chumba, chukua nakala ya kitambulisho cha taifa. Kwa mgeni, pasipoti na kibali chake. Kwa mkimbizi, kitambulisho kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Kansanga, Kabalagala na Nsambya zina Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, na wako wanaokataliwa nyumba kwa sababu msimamizi hakijui kitambulisho hicho. Ni halali, kipokee. Piga simu kazini kwake, na mpigie mwenye nyumba alikotoka. Swali zuri kwa mwenye nyumba wa zamani ni "Ungempangisha tena?" Ukimya wake wa sekunde mbili unakwambia mengi. Mwisho mpeleke kwa mwenyekiti wa LC1 aandikwe kwenye daftari la kijiji.

Nakala hizo za vitambulisho zinalindwa na sheria ya ulinzi wa data binafsi ya 2019. Zifungie kabatini, na usitume picha ya kitambulisho cha mtu kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji kwa sababu anadaiwa.

Mkataba wa pango

Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inataka makubaliano ya thamani ya shilingi 500,000 na zaidi yawe ya maandishi. Thamani hiyo hufikiwa haraka kuliko watu wanavyodhani. Andikeni hata kwa chumba cha 150,000. Karatasi mbili zinatosha.

Ziwemo: majina na namba za vitambulisho, chumba hasa, pango na tarehe ya kulipa, akaunti ya kulipia, amana na masharti ya kuirudisha, nani analipa maji, umeme, taka na askari, idadi ya wakaaji, muda wa taarifa ya kutoka, na utaratibu wa wewe kuingia kukagua, ambao tunashauri uwe taarifa ya saa 24 isipokuwa moto au mafuriko. Pango liandikwe kwa shilingi. Dola ziandikwe tu kama pande zote zimekubaliana hivyo kwenye mkataba wenyewe. Na kuhusu kupandisha, sheria inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka. Chumba cha 400,000 hakiwezi kurukishwa hadi 500,000 kwa sababu barabara imewekwa lami. Kikomo ni 440,000. Mweleze mwenye nyumba jambo hili siku ya kwanza, maana wengi hawajalisikia.

Mkataba ukiwa wa Kiingereza na mpangaji hakielewi vizuri, usomwe kwa Kiswahili au Luganda mbele ya shahidi, na shahidi aandike chini kwamba umesomwa. Amana mara nyingi ni pango la mwezi mmoja. Hiyo siyo mapato. Iweke kwenye akaunti tofauti kabisa, kwani ugomvi mwingi wa mwisho huanzia kwa amana iliyokwishaliwa.

Siku ya kukabidhi

Tenga saa moja, mchana, si jioni. Mwende pamoja na mpangaji, mwanzie mlangoni na kuzunguka ukuta kwa ukuta kuelekea kulia, mpaka mrudi mlangoni. Ukirukaruka utasahau nyuma ya mlango, ambako ndiko kitasa hugonga ukuta na kutoboa plasta. Washa kila taa, ingiza chaja kwenye kila soketi, fungua kila bomba dakika moja huku ukitazama chini ya sinki, sukuma choo mara mbili, funga na fungua kila dirisha. Andika kasoro jinsi zilivyo: "ufa wa sentimita 20 juu ya dirisha la sebule", usiandike "ukuta mbaya".

Piga picha za kila ukuta na za mita zote mbili, ya maji na ya umeme, namba zisomeke. Mtumie mpangaji picha hizo zote palepale kwa simu, ili tarehe ibaki kwenye simu zenu wote. Hesabu funguo, andika idadi. Wote mnasaini. Mwoneshe koki ya kufunga maji ya chumba chake na swichi yake ya umeme, umwache azime na kuwasha mwenyewe. Mpangaji anayejua koki iko wapi amekwisha kuokoa dari za watu.

Kukusanya pango

Njia salama ni mpangaji kuweka benki moja kwa moja. Ukipokea kwa simu, kuna jambo la kuandika wazi kwenye mkataba: nani anabeba gharama ya kutoa. Kutoa fedha kwenye simu kuna ada ya kampuni na kodi ya serikali ya asilimia 0.5. Kwa 400,000 kodi hiyo peke yake ni shilingi 2,000. Kwa vyumba kumi kila mwezi inakuwa pengo kwenye hesabu zako ambalo utashindwa kulieleza. Pesa taslimu ipokelewe kwa risiti yenye nakala, na ipelekwe benki kesho yake. Usitumie pango kulipa fundi kabla halijaingia kwenye hesabu, hata kama fundi amesimama mbele yako.

Daftari la pango liwe na mstari kwa kila chumba na safu kwa kila mwezi: tarehe ya kulipa, kiasi, namba ya risiti, salio. Mpangaji akilipa nusu, andika nusu na salio, na risiti itaje salio hilo.

Wanaochelewa wafuatilie kwa ratiba, wala usingoje hasira. Siku tatu kabla ya tarehe, kumbusho kwa wote. Siku ya tatu baada ya tarehe, ujumbe wa mtu mmoja kama huu: "Mama wa namba 6, habari za leo. Pango la Machi, 400,000, bado halijaonekana benki. Kama umelipa nitumie picha ya risiti. Kama kuna shida, naomba tuongee leo jioni." Siku ya saba nenda mwenyewe, mkae, mpange malipo kwa maandishi: 150,000 tarehe fulani, 250,000 tarehe fulani. Siku ya 14 barua ya kwanza, siku ya 30 barua ya mwisho inayotaja hatua ya mahakama. Mpe mtu nafasi ya kusema. Mwenye biashara ya sokoni ambaye mapato yake ni ya kila siku hulipa vizuri zaidi kwa wiki kuliko kwa mwezi. Kumbadilishia utaratibu kumewahi kuwa dawa kwa wengi walioitwa wasumbufu.

Ikishindikana, njia ni mahakama. Sheria ya 2022 hairuhusu kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Kufunga mlango kwa kufuli jipya, kung'oa mabati, kuondoa milango, kukata maji, kushika televisheni yake hadi alipe: yote hayo tunayaona mitaani, na yote yanaweza kumfanya mwenye nyumba, ambaye ndiye anayedai, ageuke mshtakiwa. Deni lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo katika mahakama ya hakimu, ambao ni mwepesi na hauhitaji wakili. Nenda na mkataba, daftari la pango na barua zako mbili. Hapo ndipo maandishi yako yanapokulipa.

Matengenezo, kabla mvua haijakuonesha

Kusini na katikati ya nchi mvua kubwa huja Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kwa hiyo paa linakaguliwa Februari na Agosti. Fundi akipanda, akanyage kwenye mistari ya misumari, ambako chini kuna mbao. Akikanyaga katikati, bati linabonyea na maji yatatuama hapo. Mara nyingi bati lenyewe ni zima: mpira wa chini ya kichwa cha msumari umekauka na kupasuka. Badilisha msumari kwa mnene kidogo wenye mpira mpya. Kupaka lami juu ya msumari uliolegea huzuia maji kwa msimu mmoja tu, kwani bati hutanuka kwa jua na kunywea usiku, na lami inaachia. Ondoa majani kwenye mifereji ya paa, mwaga ndoo ya maji upande wa juu, uone kama yanafika kwenye bomba la kushukia bila kusimama.

Umeme ndio unaoua, nao hauvumiliwi. Bafu la maji moto la kuchemsha papo hapo hula kilowati 5.5 hadi 7.5, yaani hadi ampea 31 hivi. Linahitaji waya wake lenyewe wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye boksi na breka yake. Mpangaji akileta lake na kuliunganisha kwenye waya wa soketi wa 2.5, waya unachemka ndani ya ukuta, na breka ikianza kukata, fundi wa mtaani humwekea breka kubwa zaidi. Ni kosa la hatari, kwa sababu breka ilikuwa inaulinda waya. Kwenye mkataba andika kwamba kifaa chochote cha kuchemsha maji kinafungwa na fundi wako tu. Kila miezi mitatu bonyeza kitufe cha majaribio kwenye swichi inayokata umeme unapovuja. Isipokata, ibadilishe wiki hiyohiyo.

Karo likikaribia kujaa hutoa dalili: choo kinagugumia kinaposukumwa, maji ya bafuni yanashuka polepole, nyasi za juu yake zinakuwa za kijani kuliko nyingine. Tope likifika theluthi ya kina, liite gari. Ukingoja hadi yarudi ndani, utalipia gari na pia kusafisha nyumba ya mtu. Linaloziba chemba mara nyingi ni pedi, nepi na mafuta ya kupikia yaliyoganda. Weka pipa lenye mfuniko karibu na vyoo vya pamoja, limwagwe kila siku, na tatizo hupungua sana kuliko kwa matangazo ukutani.

Tangi: vyumba kumi vyenye watu watatu kila kimoja, kila mtu lita 50 kwa siku, ni lita 1,500. Tangi la lita 5,000 litawafikisha siku tatu na kidogo maji yakikatika. Lioshwe mara mbili kwa mwaka na boya linalofunga maji tangi likijaa likaguliwe, maana likikwama maji humwagika usiku kucha.

Fundi mpe maelezo ya kazi kwa maandishi, pata bei mbili kwa kazi inayozidi 300,000, nunua vifaa mwenyewe au uone risiti ya duka, na ubakize asilimia 20 ya ufundi hadi mvua au wiki moja ipite. Usipokee "asante", yaani fedha ya shukrani, kutoka kwa fundi. Bei ya kazi itapanda kwa kiasi hichohicho, na itakuwa imetoka kwa mtu aliyekuamini.

Kodi na tozo

Mtu binafsi anayepangisha hulipa URA asilimia 12 ya pango lote la mwaka linalozidi shilingi 2,820,000, bila kupunguza gharama za matengenezo wala malipo yako. Ndivyo ilivyo tangu Julai 2023. Vyumba kumi vya 400,000 vikijaa mwaka mzima ni 48,000,000. Toa 2,820,000, inabaki 45,180,000, na kodi yake ni 5,421,600. Kampuni hulipa asilimia 30 baada ya kupunguza gharama, nazo hazipiti nusu ya pango. Maduka na ofisi huongezwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 mwenye nyumba akiwa amesajiliwa; nyumba za kuishi hazina VAT. Halmashauri nayo hudai kodi ya majengo kwa nyumba zilizopangishwa, na Kampala kiwango ni asilimia 6 ya thamani ya kukadiria. Tenga fedha ya kodi kila mwezi. Ukisubiri mwisho wa mwaka, mwenye nyumba atakuwa amekwisha kuijengea.

Ripoti ya mwezi

Ukurasa mmoja, tarehe ileile kila mwezi. Tuseme pango lililotarajiwa ni 4,000,000. Namba 9 ni tupu, namba 6 amelipa nusu. Kilichokusanywa ni 3,400,000. Malipo ya msimamizi asilimia 8 ni 272,000. Askari 250,000, taka 60,000, boya la tangi na ufundi 118,000, akiba ya kodi 379,800 (asilimia 12 ya 3,400,000 ukitoa 235,000, yaani 2,820,000 gawanya kwa miezi 12). Jumla 1,079,800. Kinachopelekwa benki ni 2,320,200. Ambatanisha picha za risiti, na uandike sentensi mbili kuhusu chumba kitupu: wangapi wamekuja kukiona na walisema nini. Habari mbaya iandike juu kabisa. Mwenye nyumba akiisikia kwa jirani kabla yako, ripoti zote zilizopita zitaanza kutiliwa shaka.

Mpangaji anapotoka

Kwa anayelipa kila mwezi, taarifa ni siku 30. Akikupa tu, fanya ukaguzi wa kwanza wiki mbili kabla, umwambie yale atakayodaiwa ili ayarekebishe mwenyewe kwa bei yake. Siku ya mwisho chukua fomu ya makabidhiano na picha za mwanzo, mzunguke ukuta kwa ukuta kama mlivyoanza.

Uchakavu wa kawaida ni wa mwenye nyumba: rangi iliyofifia baada ya miaka mitatu, sakafu iliyopauka njiani. Uharibifu ni wa mpangaji: kioo kilichovunjika, mlango uliopasuliwa, matundu ya misumari mikubwa. Na hata uharibifu hulipwa kwa kiasi chake. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kuta za mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha, kina mita za mraba 31 hivi. Kupaka mara mbili hula lita 6 za rangi hivi, kwa hiyo huwezi kumkata mtu ndoo nzima ya lita 20. Kama rangi ilikuwa ya zamani kabla hajaingia, mkate gharama ya kuziba matundu peke yake.

Soma mita zote mbili, lipeni bili ya maji inayobaki, andika hesabu ya amana kwenye karatasi: kilichowekwa, kilichokatwa na sababu, kinachorudi. Mrudishie siku hiyo kama fedha ipo, na iwepo, kwa sababu uliitenga. Chukua funguo zote, badilisha kitasa kabla ya mpangaji mpya, na jioni hiyohiyo piga picha za chumba kikiwa kisafi na mapazia yakiwa yameondolewa, uzitume kwa watu watatu wa mwisho waliowahi kuulizia.